Chura wa Nyumbani Nairobi: Alishwe Chakula cha Jikoni au Wadudu?

Mtu yeyote anayefuga chura kwenye fleti Nairobi anaulizwa na kila mgeni: huyu anakula nini, na mbona usimpe tu unachokula wewe? Swali lina mantiki yake. Mama mboga hauzi nyenje. Nyama ya kusaga iko kwenye bucha ya kila mtaa, mkate uko dukani ghorofa ya chini, na ugali hubaki kwenye sufuria karibu kila usiku. Ndiyo sababu hapa nimeviweka vyakula vya jikoni ubavuni mwa wadudu, kimoja baada ya kingine, ili anayetaka kuchagua ajue anachagua nini.

Msimamo wangu niutoe mapema. Chakula cha binadamu kina nafasi yake katika ufugaji wa chura, na nafasi hiyo ni tumboni mwa mdudu. Sukuma iliwe na nyenje, nyenje aliwe na chura. Kuna wawili tu wanaoweza kuruka hatua hiyo ya katikati: chura wa majini asiye na ulimi, na viluwiluwi.

Kwanza, una chura gani?

Vyura wengi wana ulimi wa kurusha. Hapo wamo wale wadogo wa matete wenye rangi za kuvutia, na yule mnene wa bustanini mwenye ngozi ya chunjua, ambaye wanasayansi humwita Sclerophrys gutturalis. Hawa huwinda kwa macho. Kinachosogea ni chakula, na kisichosogea ni kama hakipo. Weka kipande kizuri cha nyama mbele ya pua yake na anaweza kulala njaa papo hapo. Akishanasa windo, hatafuni. Meno madogo ya taya la juu ni ya kushikilia tu, na yule wa chunjua hana hata hayo. Macho yenyewe huzama ndani ya kichwa na kusaidia kusukuma tonge kooni, ndiyo maana huonekana kama anafumba macho kwa utamu kila anapomeza.

Wa pili ni chura wa majini mwenye kucha, Xenopus. Mmoja wa jamii hiyo, Xenopus borealis, yuko kwenye mabwawa ya nyanda za juu za Kenya. Hana ulimi kabisa. Hutafuta chakula kwa kunusa na kwa kuhisi msukosuko wa maji, kisha hukisukumia mdomoni kwa mikono ya mbele. Kitu kilichokufa hukila bila wasiwasi. Ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, alianza kutumika kupima mimba katika miaka ya 1930, akafugwa kwa wingi katika maabara za nchi nyingi, na huko alilishwa sana maini na moyo wa ng'ombe. Basi ukisikia mtu akiapa kwamba chura wake amekula nyama miaka na miaka na hana shida, muulize kwanza ni chura yupi.

Kabla hujabeba chura wa msitu wa Karura kwenye ndoo, kuna suala la sheria. Sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2013 inataka kibali kwa anayefuga mnyama wa porini wa humu nchini. Zungumza na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mapema.

Ugali, mkate, wali, chapati

Hapa hakuna mashindano. Utumbo wa chura mzima ni mfupi, umeumbwa kwa ajili ya nyama na magamba ya wadudu, na wanga mwingi unakaa humo bila kazi mpaka unaanza kuchacha. Chumvi nayo ni balaa jingine. Mkate wa dukani huwa na takriban gramu 1 ya chumvi katika kila gramu 100, kiasi kidogo kwako lakini kikubwa kwa mnyama wa gramu chache anayesawazisha maji na chumvi ya mwili kupitia ngozi yake. Soseji na smokie ni mbaya zaidi. Maziwa, jibini, chipsi, biskuti, parachichi: hapana kwa vyote, wala usipoteze muda kutafuta kipimo salama.

Nyama ya kusaga na nyenje

Ulinganisho huu ndio unaowasumbua watu, kwa sababu chura ni mla nyama na nyama ni nyama. Protini ya ng'ombe ni nzuri kabisa. Kinachokosekana ni kalsiamu. Wafugaji hulenga mlo ambao kalsiamu inaizidi fosforasi kidogo, takriban moja na nusu hadi mbili kwa moja. Kwenye nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, fosforasi ndiyo inayozidi, tena zaidi ya mara 10. Damu ikikosa kalsiamu, mwili huichota kwenye mifupa. Baada ya miezi kadhaa taya la chura linakuwa laini, miguu inapinda, vidole vinatetemeka, na anaanza kukosa windo aliloliona vizuri. Mara nyingi mwenyewe hugundua mifupa ikiwa imeshaharibika, na mfupa uliopinda haunyooki tena.

Chini ya mizani hiyo hiyo, nyenje naye si malaika. Fosforasi yake inaizidi kalsiamu mara kadhaa. Lakini nyenje anarekebishika, na hiyo ndiyo tofauti inayonifanya nimchague kila mara. Mlishe vizuri kwa siku moja au mbili kabla ya kumtoa, majani ya sukuma, karoti, ganda la malenge, na tumbo lake linakuwa kifurushi cha vitamini. Kisha mtikise kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu, umwachie chura hapo hapo kabla hajajipangusa. Nyama unaweza kuinyunyizia unga pia, ila tumboni mwake huwezi kuweka kitu.

Halafu kuna mafuta. Nyama ya kusaga ya bucha nyingi huchanganywa na vipande vya mafuta ambavyo visingeuzika vyenyewe. Chura hanenepi tumbo peke yake. Kwa aina fulani mafuta hujikusanya hadi kwenye kioo cha jicho na kuacha utando mweupe, na chura anayewinda kwa macho akipofuka huwa amebaki na wewe tu wa kumlisha kwa mkono.

Je, kuna wakati nyama inakubalika? Upo. Nyenje wameisha, safari ya kuwafuata imekwama, na chura hajala kwa siku kadhaa. Kata kipande chembamba cha nyama nyekundu isiyo na mafuta, au cha kidari cha kuku bila ngozi. Kiwe kibichi, bila chumvi wala vitunguu, kisichozidi upana ulio kati ya macho yake mawili. Kigaagaze kwenye unga wa kalsiamu, kishike kwa kijiti au koleo la mwanzi na ukichezeshe mbele yake kama mdudu. Koleo la chuma huumiza mdomo, kwa sababu chura hurukia kwa nguvu zote. Ikizoeleka kila wiki, basi hiyo si dharura tena, ni mlo, na yale ya mifupa yanaanza.

Upande wa usumbufu, nyama inashinda bila ubishi. Nyenje wanahitaji ndoo au beseni refu lenye kuta laini, trei za mayai za kujificha, pamba yenye maji ili wasizame, na joto. Wakiwekwa kwenye nyuzi 28 hadi 30 hukua haraka, na kutoka yai hadi utu uzima huchukua kama miezi miwili. Katika Nairobi ya Julai hakuna chumba chenye joto hilo bila taa au chupa ya maji moto, kwa hiyo watasuasua. Madume nao huimba. Kama ukuta wako na wa jirani ni mmoja, tegemea ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Dawa yake ni kumpa chura nyenje madume kwanza mara wanapoota mabawa na kuacha majike wengi, na madume wachache wa mbegu.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Kasarani kimefanya kazi nyingi kuhusu ufugaji wa nyenje, na mwaka wa 2018 nyenje mmoja wa Kenya anayefugwa kwa chakula alipewa jina la kisayansi la Scapsipedus icipe. Yaani nyenje wa kufugwa ni jambo la nyumbani, si kitu cha kuagiza ng'ambo. Ulizia kwa wanaofuga wadudu kwa ajili ya kuku na samaki kabla hujakata tamaa.

Jambo la mwisho kuhusu nyenje: wasiachwe usiku kucha kwenye chombo cha chura. Nyenje mwenye njaa huuma ngozi ya chura aliyelala. Baada ya saa moja au mbili, toa waliobaki.

Maini na funza wa BSF

Maini yanasifiwa kwa vitamini A, na ni kweli yana nyingi. Vyura wa kufugwa hupungukiwa sana na vitamini hiyo. Wakiikosa, utando wa ulimi hubadilika, ute unapungua, na chura anarusha ulimi bila windo kunata. Kwa hiyo wazo la kumpa maini lina msingi. Shida ni kwamba maini ya ng'ombe yamejaa kupita kiasi. Vitamini A haikojolewi ikizidi, hujikusanya mwilini na kuwa sumu. Tena uwiano wa kalsiamu kwenye maini ni mbaya hata kuliko wa nyama ya kawaida. Kwa Xenopus, kipande kidogo mara moja moja ni sawa, ukikumbuka kwamba maini huchafua maji haraka na lazima uyabadilishe siku hiyo hiyo. Kwa chura mwenye ulimi, acha.

Funza wa nzi askari mweusi, wale ambao wafugaji wa kuku huwaita BSF, wako upande wa pili kabisa. Ni miongoni mwa wadudu wachache wa malisho ambao kalsiamu yao inaizidi fosforasi bila kuongezewa chochote. Hawaimbi, hawaruki, na kuzunguka Nairobi kuna watu wengi wanaowafuga kwa mabaki ya vyakula. Bado siwapi nafasi ya kwanza, na sababu ni ngozi yao. Ni ngumu, chura hatafuni, na mara nyingine funza hutoka upande wa pili akiwa mzima. Mtoboe kwa sindano kabla ya kumtoa, majimaji ya tumbo yapate pa kuingilia. Wape mara moja au mbili kwa wiki kati ya milo ya nyenje. Na ununue waliolelewa kwa mabaki ya mboga na nafaka, maana funza hula chochote, na kilicholiwa na funza kinaishia kwa chura wako.

Omena na vidonge vya samaki

Hili linamhusu mwenye Xenopus. Omena ni rahisi, anauzwa kwa kikombe kila soko, na ukimloweka anazama vizuri. Ana mifupa, kwa hiyo kalsiamu ipo. Lakini omena wa sokoni amekaushwa juani, wakati mwingine juu ya mchanga, wakati mwingine ametiwa chumvi, na kwa kumtazama huwezi kujua. Mloweke na ubadilishe maji mara kadhaa, au mwache. Samaki wabichi nao wana hila yao: baadhi ya samaki wa maji baridi, wakiwemo samaki wa dhahabu wanaouzwa kwa mapambo, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na jokofu halikiui.

Vidonge vya kuzama vya kulishia samaki, ambavyo maduka ya pembejeo huwauzia wafugaji wa tilapia, vinamshinda omena kwa Xenopus. Vimechanganywa na vitamini na madini, havina mchezo wa chumvi, na gunia dogo linakaa muda mrefu. Mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha mtu mzima. Ongeza nyungunyungu wa shambani lisilopigwa dawa, na hapo sioni sababu ya kurudi jikoni.

Viluwiluwi: spinachi au sukuma?

Viluwiluwi wengi hukwangua mimea, na jikoni kwako kuna chakula chao. Ile tunayoiita spinachi sokoni Nairobi mara nyingi huwa na mabua meupe mapana, na ina oksalati nyingi. Oksalati hushika kalsiamu isitumike, na kiluwiluwi anajenga mifupa kwa haraka kuliko atakavyowahi kuijenga tena. Sukuma wiki ina kalsiamu nyingi na oksalati kidogo. Chemsha jani bila chumvi mpaka lilainike kabisa, likate, weka kidogo, na utoe mabaki kesho yake. Letusi iliyochemshwa inafaa pia, ingawa ndani yake hakuna kikubwa. Viluwiluwi wa Xenopus ni tofauti: wao huchuja chembe ndogo majini, hivyo jani liwe limesagwa hadi kuwa unga laini.

Mguu wa mbele ukishatokeza, punguza. Wakati huo mkia unafyonzwa, utumbo mrefu wa mla majani unafupika kuwa wa mla nyama, na mara nyingi hawali chochote hadi wamalize.

Wadudu wa bure

Mvua ya Machi au ya Oktoba ikianza, kumbikumbi hujaa kwenye taa za usalama, na ni chakula kizuri cha msimu, chenye mafuta, cha kupewa wachache. Panzi wa kwenye nyasi pia ni wazuri. Hatari ni dawa. Bustani za mtaani hupigwa dawa bila tangazo, na mende wa jikoni huenda amepita kwenye dawa ya jirani jana yake. Mende wa ndani usimpe hata kama hujawahi kupuliza kwako.

Chini ya taa hizo hizo hutua yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa Nairobi fly. Sumu yake, pederini, huacha malengelenge kwenye ngozi ya binadamu akipondwa. Ukikusanya wadudu wa taani kwa mkupuo, chambua kwanza na umtoe huyo, bila kumponda kwa kidole.

Chura akimeza kitu kibaya, ana uwezo wa ajabu wa kulitoa tumbo zima nje kupitia mdomoni na kulipangusa kwa mkono. Ni jambo la kustaajabisha kulitazama, lakini usilitegemee kama bima.

Unga gani wa kalsiamu?

Ulio bora ni wa wanyama watambaao wenye vitamini D3, kwa sababu chura wa ndani ya nyumba hapati jua la kuitengeneza, na bila D3 kalsiamu nyingi inapita tu. Usipoupata, duka la pembejeo lina chokaa ya mifugo na pia DCP, unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi. Chukua chokaa. DCP inakuja na fosforasi yake, na hiyo tayari imezidi kwenye nyenje. Hakikisha ni ya mifugo, kamwe si ya kujengea, maana ile huunguza. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa hadi kuwa laini kama unga wa ngano, hufanya kazi hiyo hiyo bure, nayo pia hayana D3.

Ningechagua nini

Kwa chura mdogo wa matete au yule wa chunjua, ningeanza na ndoo moja ya nyenje, unga wa kalsiamu, na BSF kidogo. Chipukizi hula kila siku, mtu mzima kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa mtu asiyeweza kabisa kustahimili wadudu ndani ya nyumba, Xenopus na mfuko wa vidonge ni chaguo la busara kuliko kumlazimisha chura wa ulimi kula nyama ya kusaga. Maji ya bomba yana klorini, hivyo yaache wazi kwenye ndoo kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Vyombo vya chura visioshewe kwenye sinki la jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa vyura hubeba salmonela bila kuugua.

Akivimba tumbo, akitetemeka miguu au akikosa kula wiki nzima, tafuta daktari wa mifugo anayekubali kutibu vyura. Wengi hutibu mbwa na paka tu, kwa hiyo piga simu kwanza. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete ni pa kuanzia.

Ukiingia Julai na Agosti, usimlazimishe ratiba ya Februari. Mwili wa chura hufuata joto la chumba, na usiku wa nyuzi 12 mmeng'enyo unakwenda polepole sana. Mlishe mchana kukiwa kumepata joto, mpe nusu ya kawaida, na usirudie hadi uone choo.